Waraka wa Kujifunga

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Mimi ni mwalimu wa michezo, nimepigwa mpira wa uso mara nyingi na sioni cha kuniogopesha zaidi ya hapo. Ni kwamba jina lenyewe lilipelekwa wizarani kuhakikiwa na bado halijarudi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina mito miwili na wizara ishirini na tisa, na haipakani kabisa na nchi yako wewe unayesoma. Ukiona kitu kimefanana na cha kwenu, wawili wawili duniani hawakosekani.

Katika nchi hiyo ipo sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ndiyo inayofuatwa kuliko zote zilizoandikwa: waraka haukosei. Mvua inaweza kukosea ikanyesha mwezi wa nane. Daktari anaweza kukosea mguu. Lakini karatasi ikishapigwa muhuri wa wizara imekwisha kuwa kweli, na kama dunia haifanani nayo, dunia ndiyo ijirekebishe. Mwaka mmoja waraka uliagiza tupande miche kumi nyuma ya kila mwalimu. Tukapanda. Walimu walipohamishwa, miche iling'olewa ikahama nao, na hadi leo ninaye mwenzangu anayefuatwa na mikorosho kumi kila anapopangiwa kituo.

Sasa, watoto wetu walifeli hisabati. Walifeli kwa kiwango ambacho hata wizara, ambayo nayo si hodari sana wa hisabati, iliweza kukihesabu. Wakaitwa wataalamu. Wataalamu wakazunguka shuleni wakasema: tatizo ni kwamba kila mwalimu anafundisha peke yake kama mganga, hamuulizi mwenzake, hamwonyeshi mwenzake, na anachokikosea leo atakikosea hadi siku ya kustaafu. Wakutane kila wiki, wafundishane. Wazo lilikuwa zuri, nalisema hilo bila kejeli. Likaingia wizarani likiwa na afya tele, na wiki tatu baadaye likatoka likiwa Waraka Na. 7.

Mwalimu Mkuu wetu, Lugendo, mtu mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kupokelea wageni, alitusomea ofisini akiwa amevaa ile ya wageni.

"Kila shule ianzishe Jumuiya ya Walimu ya Kujifunga. Walimu wote watajifunga kila Jumatano, saa sita hadi saa nane mchana, bila kukosa. Atakayeshindwa kujifunga atachukuliwa hatua."

Tulikuwa walimu sita kwa watoto mia saba. Wote tukatazamana.

"Samahani, Mkuu," alisema Mwalimu Tunu Machela, anayefundisha hisabati darasa la sita. "Hapo si ni kujifunza? Naona herufi imeteleza."

Lugendo akamgeuzia karatasi. "Muhuri umeuona?"

"Nimeuona, Mkuu."

"Umeteleza?"

"Haujateleza."

"Basi."

Ikabaki kutafuta maana. Mwalimu wa dini alisema ni kufunga kula na kunywa, na akashauri tuanze baada ya chai ya saa nne. Mwalimu wa stadi za kazi alisema ni kujifunga kibwebwe, na kesho yake alikuja na kanga mbili, akamfunga moja Mwalimu Mkuu juu ya tai. Mimi nikaeleza kwamba kwetu sisi watu wa mpira, kujifunga ni kutia bao kwenye goli lako mwenyewe, na kwamba timu nzima ikifanya hivyo saa mbili kila Jumatano, matokeo yatakuwa mabaya. Nikaambiwa nisilete siasa.

Lugendo akapiga simu wilayani. Wilaya ikauliza mkoa, mkoa ukauliza wizara, na wizara, ambayo haikujua kama ilisema hivyo, ikafungua jalada ikajisoma, ikaona kweli imesema, ikaketi siku nne kutafuta ilikuwa inamaanisha nini. Jibu lilikuja likiitwa Kiambatisho B: walimu wataingia ofisini, mlango utafungwa kwa kufuli upande wa nje, na ufunguo utatunzwa na mamlaka iliyo juu ya waliojifunga. Hivyo tu.

*

Tulijifunga. Nchi nzima ilijifunga. Kila Jumatano saa sita kamili Mtendaji wa Kata alifika kwa pikipiki, akatuhesabu, akafunga kufuli, akaondoka na ufunguo mfukoni. Saa nane alirudi kutufungua, ila siku za vikao alirudi saa kumi, na siku moja ya msiba alirudi Alhamisi. Huko nje watoto mia saba walikaa na uhuru wao. Waliruka kamba, waligombana, walipatana, wakagombana tena.

Redioni Waziri mwenyewe alituhutubia. Ni msomi, mbele ya jina lake zimepangwa Profesa, Daktari na Mhandisi, na mtangazaji asipovuta pumzi vizuri hafiki kwenye jina.

"Ndugu zangu walimu," alisema, "mtu asiyejifunga hawezi kufunguka. Niambieni, ni mlango gani unaoweza kufunguliwa kama haukufungwa? Wenzetu walioendelea walijifunga zamani. Sisi tulichelewa kwa sababu tulikuwa tumejiachia."

Ofisini tulipiga makofi, kwa kuwa fomu ilikuwa na kisanduku cha makofi. Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa kumi na moja. Je, ulijifunga? Ulijifunga kwa kina gani? Taja changamoto (neno "tatizo" haliruhusiwi). Taja mkakati. Kila wiki Lugendo aliandika: Changamoto, joto. Mkakati, kuvumilia. Kisha tukapiga picha tumesimama kando ya mlango, wa mbele wamechuchumaa, ikatumwa kwenye kundi la simu liitwalo Kujifunga Kwanza, na wakubwa wakaweka vidole gumba. Katika upangaji wa mkoa tulishika nafasi ya arobaini na tatu kwa sababu kufuli yetu ilikuwa ndogo. Walioongoza walikuwa na kufuli tatu na mnyororo, na darasa lao la saba hakuna aliyefaulu.

Ndani hakukuwa na la kufanya. Wiki ya kwanza tulilala. Ya pili tuliwasema wasiokuwepo, lakini kwa kuwa wote tulikuwepo, mada iliisha mapema. Kufikia wiki ya tano kila mtu alikuwa ameshahesabu bati za dari, na tulikuwa tumekubaliana idadi yake.

Jumatano ya sita, Mwalimu Tunu akahamisha kiti chake hadi kwa Mwalimu Ndimbo. Huyu Ndimbo ni mzee wetu, alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alikuja na chapati tatu kwenye gazeti, kwa sababu Mtendaji siku hiyo alikuwa na kikao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ya pili hiyo leo. Una shida."

Tunu akatazama kama tunasikiliza. Tulikuwa tunasikiliza.

"Kuna mwanafunzi wangu darasa la sita, anaitwa Sikujua," alisema. "Mwezi wa tatu alinyoosha mkono akaniuliza: Mwalimu, kugawanya si kunapunguza? Mbona tatu ukigawanya kwa nusu inakuwa sita? Nikamwambia aache ujuaji, nikampigisha magoti mpaka kipindi kikaisha. Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono tena. Darasa zima halijanyoosha. Mimi sijui, Mwalimu Ndimbo. Miaka kumi na moja nawaambia geuza ya pili uzidishe, geuza uzidishe, na kwa nini tunageuza, sijui."

Niseme ninavyojisikia. Nilimwonea huruma na nilimwonea wivu. Katika kazi yetu mwalimu kusema sijui mbele ya wenzake ni sawa na kuvua nguo sokoni. Watu hufundisha maisha yao yote wakizunguka shimo moja, wanajua lilipo, na hawamwambii mtu. Yeye alilitaja kwa jina mchana kweupe.

Ndimbo hakucheka. Alifungua gazeti.

"Chapati hizi tatu. Nikimpa kila mtu moja nzima, watakula wangapi?"

"Watatu."

"Nikimpa kila mtu nusu?"

Tunu akatutazama mmoja mmoja. Tulikuwa sita.

"Chapati zimeongezeka?" akauliza Ndimbo.

"Hazijaongezeka," alisema Tunu polepole. "Walaji ndio wameongezeka. Kumbe naulizwa nusu ngapi zimo ndani ya tatu."

"Ndivyo unavyoulizwa. Na kila chapati ina nusu mbili, ndiyo maana unazidisha kwa mbili. Hakuna uchawi hapo."

Tulikula zile nusu zetu kwa utulivu kama watu waliokula kiapo. Tunu alisimama akaandika ubaoni, akafuta, akaandika tena na robo, kisha na theluthi, na kila ikikubali alicheka peke yake. Macho yalikuwa yamemlowa. Alitaka kukimbia darasa la sita saa ileile, akaenda hadi mlangoni, akakumbuka tumefungwa.

Basi likafunguka jambo. Mwalimu wa dini akakiri hajui kumfundisha kusoma mtoto anayechanganya b na d, na mwalimu wa stadi za kazi, ambaye mwanawe alikuwa hivyo, akamwonyesha. Hata Lugendo akavua miwani, zote mbili, akasema kwamba tangu chuoni hajawahi kuelewa kwa nini huku ni mchana na kwingine ni usiku, na kwamba watoto wakimuuliza huwa anawatuma wakateke maji. Ndimbo akaomba mpira wangu uwe dunia. Tukawa tunapigiana kelele kama wanafunzi, na hatukusikia pikipiki.

*

Haikuwa pikipiki ya Mtendaji. Alikuwa Bwana Shindo, Mkaguzi Mkuu wa Kufuli, Kanda. Kazi yake ilikuwa kuzunguka shuleni na nyundo ndogo akizigonga kufuli na kuandika zinavyolia. Siku hiyo ufunguo alikuwa nao yeye. Kabla ya kugonga alitega sikio mlangoni, akitarajia ukimya wa kujifunga, au angalau mkoromo. Akasikia Mwalimu Mkuu akisema, "Kumbe inazunguka!"

Akafungua. Alimkuta Lugendo ameshika mpira na ubao umejaa.

"Hiki nini?" alionyesha kwa nyundo.

"Tatu gawanya kwa nusu, Bwana Mkaguzi," alisema Tunu. "Ni sita."

"Sijakuuliza jibu. Nimeuliza mlikuwa mnafanya nini humu."

Lugendo akaanza kutafuta miwani ya wageni. Shindo akausogelea ubao, akaunusa, akaona na vipande vya chapati mezani.

"Mlikuwa mnajifunza," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyegundua maiti.

"Mimi ndiye niliyeuliza," alisema Tunu. "Hawa walinijibu tu."

Barua ilifika asubuhi yake, kwa kasi ambayo barua za nchi ile hazina. Kosa: kujifunza ndani ya muda wa kujifunga, kinyume cha Waraka Na. 7. Mtuhumiwa asikanyage darasani hadi shauri lisikilizwe na Waziri mwenyewe, Jumatano ijayo. Adhabu inayopendekezwa: kuhamishiwa Stoo Kuu ya Chaki, huko mpakani, kulinda chaki, na asiruhusiwe kuzitumia.

Tunu alisoma akiwa barandani, mbele ya dirisha la darasa la sita. Jibu la Sikujua alikuwa nalo kamili, tangu jana, na hatua sita tu zilimtenganisha na ubao. Mtoto alimwona akasimama, kama watoto wanavyosimama mwalimu anapoingia. Tunu hakuingia, na mtoto hakujua akae au aendelee kusimama.

"Wakinihamisha sasa hivi," aliniambia, "huyu atakua anaamini hesabu ni kitu cha kupigiwa magoti. Na mimi ndiye niliyemwaminisha."

Nikasema nitamsindikiza wizarani kama shahidi, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alikuwa ameugua ghafla.

*

Ukumbi wa wizara ulikuwa umepambwa, kwani Jumatano hiyo ilikuwa pia siku ya wizara yenyewe kujifunga kwa mara ya kwanza, ili kuonyesha mfano. Waziri, Katibu, wakurugenzi wote na Bwana Shindo walikaa mbele. Mlangoni ilining'inia kufuli ukubwa wa mkate.

Waziri alimuuliza Tunu kama ana la kujitetea.

"Mheshimiwa, naomba muangalie waraka. Nahisi palikusudiwa kujifunza."

Ukumbi ukavuta pumzi. Katibu akaagiza aletwe aliyeuchapa. Akaingia Bi Saumu, mpiga chapa wa wizara, mama mtulivu mwenye miwani ya kamba. Akaonyeshwa karatasi, akaisoma, akashika mdomo.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Rasimu ilisema kujifunza. Siku ile nilikuwa nimefunga, na jua lilikuwa kali. Mawazo yote yalikuwa kwenye kufunga, vidole vikafuata. Naomba radhi."

Nilidhani mambo yamekwisha, maana mimi nimezoea michezo, na kwenye michezo refa akiona mpira ulitoka, umetoka. Waziri akanong'onezana na wakurugenzi kwa dakika kumi, kisha akasimama.

"Waraka haukosei," alisema. "Bi Saumu alikosea, hilo tunamsamehe, lakini waraka ulipopigwa muhuri haukuwa tena wa Bi Saumu. Ikiwa kati ya waraka na lugha kuna tofauti, ni wazi iliyokosea ni lugha. Naunda tume ya kuondoa neno kujifunza katika kamusi. Kuhusu mwalimu huyu, nitasaini uhamisho wake tukishajifunga, kwa maana saa imefika."

Tukatolewa nje. Mlango ukafungwa. Barua ya Tunu ilibaki ndani, mezani, na kalamu juu yake.

Kiambatisho B kikafuatwa herufi kwa herufi: ufunguo utunzwe na mamlaka iliyo juu ya waliojifunga. Aliye juu ya Waziri katika nchi ile ni mmoja tu, Mkuu wa Nchi. Ufunguo ukatiwa kwenye bahasha, ukapelekwa kwa msafara wa magari matatu, ukamkuta uwanja wa ndege anapanda ngazi. Alipokea, akapunga mkono, akaenda ziara ya siku kumi na moja ng'ambo.

Saa mbili zikapita. Zikapita nyingine mbili. Ndani wakaanza kugonga, kwanza kwa heshima. Ufunguo wa akiba ulikuwepo masjala, lakini hautolewi bila amri ya maandishi ya Waziri, iliyochapwa na kugongwa muhuri. Bi Saumu akawaeleza hivyo kupitia upenyo wa mlango. Ndani pakawa na purukushani ya kutafuta karatasi, maana Waziri alikuwa hajaandika kitu kwa mkono wake kwa miaka mingi. Hatimaye karatasi ikapenya chini ya mlango. Bi Saumu akaiokota, akaisoma mara mbili, akampa Tunu.

Iliandikwa kwa haraka, na sahihi ilikuwa yake kweli: "Kwa mamlaka niliyonayo naagiza: tufungieni mara moja."

"Alitaka tuwafungulie," Bi Saumu alinong'ona. "Ameruka herufi. Mwalimu, wewe ndiye mwenye kesi. Nirekebishe?"

Tunu aliitazama ile karatasi kwa muda. Najua alikuwa anafikiria ile barua iliyokuwa ndani na kalamu juu yake. Najua pia kwamba si mtu wa visasi, kwa sababu aliirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Bi Saumu," alisema, "sisi ni nani mpaka turekebishe? Waraka haukosei."

Bi Saumu akaketi, akaichapa herufi kwa herufi, akagonga muhuri. Masjala wakaisoma, wakaona ni amri halali, wakaleta kufuli ya pili.

*

Sijui ya wizarani yaliishaje, kwa kuwa hayajaisha. Chakula wanapitishiwa dirishani. Taarifa zao zinatoka chini ya mlango na zinasema zoezi linakwenda vizuri kupita matarajio, na kwamba wizara imevuka lengo la taifa la saa za kujifunga. Mkuu wa Nchi alirudi salama, ufunguo akausahau hotelini. Pale sokoni kwetu watu wasiojua hata offside wanasema wizara imejifunga, na mimi nakaa kimya, kwa sababu niliambiwa nisilete siasa.

Barua ya kumhamisha Tunu haina sahihi, na ya kumzuia asikanyage darasani ilimzuia "hadi shauri lisikilizwe". Shauri lilisikilizwa, wote tulisikia. Kwa hiyo Alhamisi saa mbili asubuhi alikanyaga. Nilikuwa napita na mpira wangu nikasimama mlangoni.

Alikuwa na chapati tatu kwenye sahani. Hakuanza na hesabu.

"Sikujua," alisema, "mwezi wa tatu uliniuliza swali zuri, nikakupigisha magoti kwa sababu jibu sikuwa nalo. Nisamehe. Leo ninalo. Njoo ukate."

Mtoto alikata. Wenzake sita wakaitwa mbele kula, mmoja akapewa robo kwa upendeleo wa kisu, wakabishana, wakakata upya, na darasa zima likaona tatu ikiwa sita bila mtu kuigeuza. Kisha kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, kule nyuma, mkono ukanyooshwa. Ulikuwa wa Sikujua tena, amesharudi kwenye dawati lake.

"Mwalimu, na hasi mara hasi, mbona inakuwa chanya?"

Watoto wa mbele wakajiandaa kumwona mwenzao akipiga magoti. Tunu alifungua mdomo, akaufunga, akanitazama mimi mlangoni kana kwamba mwalimu wa michezo anaweza kuwa na msaada. Kisha akaweka chaki mezani.

"Sijui," alisema. "Jumatano nitawauliza wenzangu."